Nyimbo elfu 40: MusicBee, foobar2000 au Jellyfin?

Mwana wa Kirumba: Wakuu habari. Jumamosi nanunua diski ya TB 4 nihamishie nyimbo zangu zote pamoja na kanda za marehemu baba. Kabla sijahamisha nataka programu moja ya kuzipanga. Ipi bora?

Igoma Juu: Mkuu unaomba dawa bila kutaja ugonjwa. Windows au Linux? RAM kiasi gani? Unasikiliza peke yako au nyumba nzima? Tagi zipo, yaani jina la wimbo, msanii na albamu ndani ya faili?

Mwana wa Kirumba: Windows 10, RAM GB 4. Peke yangu. Za kanda hazina tagi kabisa.

Nyegezi Stendi: foobar2000. Nyepesi, elfu 40 haziisumbui.

Dada Buzuruga: MusicBee, kaka. Ni ya bure, inakutafutia nyimbo zilizojirudia na unahariri tagi za nyimbo mia kwa mpigo. Jellyfin achana nayo, hiyo ni ya kurusha muziki na filamu kwa nyumba nzima na kompyuta lazima ikae imewashwa. Kwa umeme huu?

Mkisesa: Yoyote utakayochagua, usiiruhusu ijaze tagi yenyewe. Nilirekodi ngoma za Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, miaka mitatu mfululizo. Kiongozi wa ngoma, kijiji na tarehe nilikuwa nimeviandika kwenye jina la faili tu. Nikaweka programu moja, nikaikubalia ibadilishe majina. Ngoma zetu hazimo kwenye orodha zao, ikazibandika majina ya albamu za Ulaya. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nina saa sita za ngoma na sijui nani anaimba, na wazee wawili ambao wangenitambulia wameshafariki. Inaniuma hadi leo.

Igoma Juu: Pole sana ndugu. Kirumba, nunua diski mbili.

Nyegezi Stendi: Kanda uliziingiza kwa MP3? Zigeuze FLAC, aina ya faili isiyokata sauti.

Dada Buzuruga: MP3 ukiigeuza FLAC hupati kitu. Sauti iliyokatwa na MP3 hairudi, faili linanenepa tu. Arudie kwenye kanda zenyewe.

Mwana wa Kirumba: Kanda zipo. Nyingi ni JUWATA.

Nyegezi Stendi: Hapo sasa. NUTA Jazz ya 1964, JUWATA, OTTU, Msondo Ngoma: bendi moja iliyobadili majina, programu itaona nne.

Dada Buzuruga: Kwenye tagi ya msanii acha jina la kwenye kanda. Kwenye tagi ya msanii wa albamu andika Msondo.

Nyegezi Stendi: Sikubali. Kanda imeandikwa JUWATA, ibaki JUWATA kote.

Mwana wa Kirumba: Nitajaribu zote mbili. Ila deki ya baba mkanda wa mpira umekatika. Mwanza hii nani bado anatengeneza deki?

Mkisesa: Na mimi namtafuta huyo fundi.