Meza ya kulia chakula na kumeza chakula: je, ni neno moja?

Maalim wa Wete ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha Kiswahili katika skuli moja hapa Wete. Juzi tulipokuwa tukisoma maneno yenye maana zaidi ya moja, mwanafunzi wangu alisimama akaeleza kwa uhakika kabisa kwamba meza ya kulia imepata jina lake kutokana na kumeza, kwa sababu chakula huwekwa hapo kabla ya kumezwa. Sikumkatalia, maana hoja yake ilikuwa na mpangilio, lakini haikuniridhisha, kwani wazee wetu wamemeza chakula miaka na miaka juu ya jamvi, wamezunguka sinia, na jamvi halikuitwa meza. Nilipomsimulia jirani yangu aliyeishi Maskat, akaniambia kuwa huko nako husema "mez", kwa hivyo neno ni la Kiarabu. Kamusi yangu nayo inasema ni la Kireno. Naomba msaada, kwa kuwa nimemuahidi mtoto yule jibu, na sipendi kumpa jibu la kubahatisha.

Mtu wa Malindi, Unguja:

Wa alaykum salaam, maalim. Kwanza tulitenge lile la kumeza, kwa sababu hilo halina mgogoro. Kitendo hiki ni cha Kibantu tangu asili. Wachewa husema "meza" kama sisi, Washona husema "medza", Wanyarwanda husema "kumira", na kwa Kilingala "komela" ni kumeza na pia kunywa. Watu hawa wametawanyika mbali sana na pwani yetu, na neno hilo hawakulichukua kwetu wala sisi kwao, sote tumelirithi. Hata "umio", ile njia ya chakula kooni, naliona kuwa ni la ukoo huo huo, kwa kuwa Kiswahili kina tabia ya kuiangusha "l" ya zamani katikati ya neno: tunasema "kaa", lakini "l" inarudi tunaposema "kalia". Katika ukoo wote huo hutakuta samani hata moja.

Meza ya mbao imekuja na jahazi. Warumi waliiita "mensa", na katika vinywa vya watu "n" ikapotea, Wareno wakabakiwa na "mesa", ambayo huitamka kwa "z" kama tunavyoitamka sisi. Wahispania wana neno hilo hilo ila hulitamka kwa "s", na kwao ni pia jina la kilima chenye kilele bapa, ndiyo maana katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna hifadhi iitwayo Mesa Verde. Waromania wanasema "masă", na kwao ni meza na pia ni mlo wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wako hakukosea kuhisi kwamba meza na chakula huvutana. Amekosea kudhani kwamba kuvutana huko ndiko kulikozaa jina.

Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikawatoka mwaka 1698. Katika miaka 200 hiyo walituachia kasha, bendera, leso, karata pamoja na turufu yake, na gereza, ambalo kwao lilikuwa "igreja", yaani kanisa. Ngome Kongwe yetu hapa Forodhani ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikafungiwa watu.

Msomaji wa Chake Chake:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kumeza, lakini naona tumempuuza jirani wa maalim. "Mez" ya Oman ipo kweli, na haiko peke yake, kwani Waajemi wanasema "miz" na wasemao Kiurdu wanasema "mez", zote kwa maana ya meza. Isitoshe, Kiajemi kina "mizban", mwenye nyumba anayekirimu wageni, na neno hilo lilikuwapo karne nyingi kabla ya jahazi la kwanza la Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Sisi tuliopokea "bibi" kutoka Uajemi tungeshindwaje kupokea na meza?

Mtu wa Malindi, Unguja:

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na jibu lake naliona katika irabu ya mwisho. Neno la Kiarabu au Kiajemi linaloishia kwa "z" likiingia kwetu huongezewa "i". Aziz amekuwa azizi, hirz imekuwa hirizi, lawz imekuwa lozi. Kwa kanuni hiyo "mez" ingekuwa "mezi", na leo tungekuwa tunakaa mezini. Maneno ya Kireno yenye "a" mwishoni huja nayo: "caixa" ni kasha, "bandeira" ni bendera, na "mesa" ni meza. Sikatai kwamba mabaharia wa Oman waliokuwa wakisema "mez" walilizoesha sikio la watu wa pwani, lakini umbo tulilonalo ni la Kireno.

Mhudumu wa mkahawa, Nungwi:

Samahanini kwa kuingilia. Wageni wa Kituruki huniuliza kama tuna "meze", vile visahani vya vitu vidogo vidogo vya kuonjea, nami siku zote nilidhani wanaitaja meza yetu.

Mtu wa Malindi, Unguja:

Hiyo ni ya nne, na nayo ina njia yake. Waturuki waliipata kutoka Kiajemi, ambako "maza" ni ladha.

Maalim wa Wete:

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Jumatatu nitaandika ubaoni upande mmoja azizi, hirizi na lozi, na upande wa pili kasha na bendera, kisha nimpe mtoto yule chaki, achague mwenyewe upande wa kuiandika meza.