Inhela mbili au moja ya mchanganyiko: ipi ni rahisi kudumu nayo?

Kifua_Kizito: Wadau, naomba tulinganishe. Nina pumu tangu utotoni. Ninazo inhela mbili: beclometasone ya asubuhi na jioni, na salbutamol ya kutuliza nikibanwa. Ile ya kila siku naiacha mara tu kifua kikitulia. Wiki mbili shwari, ya tatu naamka saa tisa usiku, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kifua kinapiga mluzi. Sasa daktari anataka kunihamishia mchanganyiko wa budesonide (ya kushusha uvimbe) na formoterol (ya kufungua njia za hewa), inhela moja kwa kazi zote. Nani ametumia zote?

MamaPacha: Pole sana, ndugu yangu. Nilipita njia hiyo hiyo. Salbutamol inakupa nafuu ndani ya dakika chache, basi moyo unaamini hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kumbe inalegeza tu misuli ya njia za hewa kwa saa 4 hadi 6, uvimbe wa ndani uko pale pale. Beclometasone ndiyo inayoushusha, lakini polepole, siku hadi wiki, na huisikii ikifanya kazi. Ndiyo maana tunaitupa kabatini. Tangu nihamie mchanganyiko, nikibanwa navuta hiyo hiyo, kwa hiyo hata siku niliyosahau napata na steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe kama beclometasone, ndani yake. Usiku sasa nalala.

Mfamasia_Mstaafu: Naunga mkono. GINA, mpango wa kimataifa wa kukabili pumu, tangu 2019 haushauri mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na zaidi kutibiwa kwa salbutamol peke yake. Ila tafadhali sana, si kila mchanganyiko unafaa kujiokoa nao. Formoterol huanza kazi haraka na hudumu takriban saa 12. Salmeterol, iliyo kwenye michanganyiko mingine, huchelewa kuanza. Soma jina kwenye kopo, na muulize daktari kikomo chako cha mipulizo kwa siku.
Kifua_Kizito, kwa mwaka unamaliza makopo mangapi ya salbutamol? Matatu au zaidi ni dalili ya hatari, hata kama unajiona mzima.

Mzee_wa_Alfajiri: Mimi nimebaki na mbili na sijutii. Mchanganyiko niliopewa ulikuwa wa unga, unaotaka uvute kwa nguvu na haraka. Nikiwa nimebanwa, nguvu hiyo sina. Ya mpulizo naiweka kwenye spesa, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, navuta taratibu hadi mwisho, nashikilia pumzi kama sekunde 10. Inhela ya kila siku nimeifunga kwa raba pamoja na mswaki: navuta, napiga mswaki, nasukutua na kutema, utando mweupe mdomoni sijauona tena. Mwaka wa tatu huu sijakosa.

MamaPacha: Shikamoo mzee. Hiyo ya mswaki naichukua leo leo!

Shangazi_K: Mimi kilichoniachisha dawa ni hofu ya neno steroidi, wala si kusahau. Jirani aliniambia mifupa itaoza. Daktari akanionyesha: kipimo cha kuvuta ni mikrogramu, na sehemu kubwa ya kazi yake iko kifuani. Prednisolone, steroidi ya vidonge, ni miligramu na inazunguka mwili mzima, nami nilikuwa naimeza kila nilipozidiwa kwa sababu ya kuacha ile ndogo. Nililia siku hiyo.

Kifua_Kizito: Asanteni sana. Mfamasia, nimehesabu: makopo 5 tangu mwaka jana mwezi kama huu. Sikuwahi kuyapanga mezani pamoja. Jumatatu narudi kwa daktari.

Mfamasia_Mstaafu: Nenda na inhela zote mbili, uvute mbele yake akuone. Wengi huvuta baada ya kubonyeza, dawa inaishia kooni.

Kifua_Kizito: Ndivyo ninavyofanya.