Kuendesha kwenye theluji, mlio majuu nisaidieni
Wadau niko Umoja hapa Nairobi, Januari naenda kwa dadangu Minnesota, Marekani, na anataka nipeleke watoto shule na Subaru yake, mimi nimezoea matope tu, hiyo barafu nitaiweza kweli?

— Subaru yake ikiwa inavuta magurudumu yote manne, kung'oa haitasumbua, shida ni kusimama, hapo ni tairi tu. Aweke za winta zote nne, mpira wake haukakamai baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi.

— Na madaraja ndo huganda kwanza, chunga sana! Ukiteleza achilia pedali ya mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda, na usikaribie gari ya mbele vile tunafanyanga Thika Road.

— Asanteni sana, nampigia leo nimuulize hizo tairi.