Mrejesho: Roki na uongozi wa karakana ya fulana

Asanteni sana nyote mlionijibu. Niliuliza kama mpenzi wa muziki wa roki anaweza kupata kwenye muziki huo mbinu za kuongoza karakana ndogo ya kuchapisha fulana hapa River Road, Nairobi. Inawezekana kabisa.

Jibu lililonikaa zaidi ni la Van Halen, bendi ya roki ya Marekani. Mkataba wao wa ziara ya 1982 ulitaka bakuli la peremende za chokoleti za M&M's lisiwe na hata punje moja ya rangi ya kahawia. Ikionekana, ilikuwa dalili kwamba waandaaji hawakusoma mkataba, kwa hiyo jukwaa na umeme vikaguliwe upya. Kwenye karakana, weka sharti dogo katikati ya fomu ya oda: kwa mfano, fulana ya juu katika kila boksi ikunjwe ndani nje. Lisipotimizwa, fungua boksi, hesabu saizi zote, kisha vuta chapa kwa vidole. Wino wa plastisoli (wino wa plastiki wa kuchapishia fulana) huiva kwenye joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo lifike hadi chini kabisa ya tabaka la wino. Chapa ikipasuka ukiivuta, wino haukuiva. Badilisha sharti mara kwa mara, wala usimkate mtu mshahara kwa ajili yake, maana watalishika hilo tu na kuacha mengine.

Queen nao, bendi ya roki ya Uingereza, kuanzia albamu yao ya 1989, waliandika nyimbo kwa jina la wote wanne ili kumaliza ugomvi wa mrabaha. Kwenye karakana vilevile, bonasi ya oda igawanywe sawa kwa mchoraji, mchapaji na mpakiaji walioishika oda hiyo, si karakana nzima.