Hunter wa WoW Classic: mnyama gani wa kwenda naye kupigana na watu? Niko kati ya chui na nguruwe

Mwindaji_Nyegezi:

Mwadila wakuu, naombeni ushauri hasa nyie mnaocheza Hunter (mwindaji wa mishale mwenye mnyama wake) kwenye gemu la World of Warcraft Classic. Niko levo 44, nacheza nikiwa huku Nyegezi, seva ni ya Ulaya, na sasa nataka niingie kwenye kupigana na watu, yaani viwanja vya Warsong Gulch (kuiba bendera) na Arathi Basin (kushika vituo), maana kuua majitu yanayoendeshwa na kompyuta nimeshayazoea na hayanipi tena ule moto.

Shida ni mnyama. Ninaye chui mweusi niliyemshika Stranglethorn, kwenye banda nina nguruwe pori niliyekuwa naye toka levo za chini, halafu nafasi moja ya banda iko wazi. Chui nikimtuma anauma vizuri sana ila kuna wakati namuona ananyata nyuma huko wakati mimi nimeshaanza kupigwa. Nguruwe anavumilia lakini damage yake naiona ndogo. Nimesikia watu wanamtaja Broken Tooth kama ndio mwisho wa matatizo yote, wengine nyoka mwenye mabawa, wengine nge. Nimechanganyikiwa, na sitaki kuhangaika kulea mnyama mpaka 60 halafu nigundue hafai.

Mjue tu kwamba intaneti yangu ni hotspot ya simu. Pingi (muda wa amri kwenda seva na kurudi) ikiwa nzuri ni milisekunde 200 na kidogo, mvua ikianza kuvuma kutoka ziwani inapanda mpaka naona watu wanaruka ruka kwenye skrini. Kwa hiyo mnipe ushauri wa mtu anayecheza kwa hali hii, sio wa jamaa aliyekaa jirani na seva.

Mzee_wa_Bwiru:

Dogo umeuliza swali zuri na nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza uelewe kwanini Broken Tooth ana jina. Ni paka wa levo 37, yuko Badlands, ni wa nadra, akiuawa au akishikwa anachukua masaa kurudi na siku zote kuna watu wanamvizia. Sifa yake ni moja tu, spidi ya kuuma ni 1.0, yaani anauma kila sekunde, wakati wanyama wengi wako kwenye 2.0. Sasa watu wengi wanadhani maana yake anatoa damage mara mbili, hapana. Kila pigo lake ni dogo kwa kiasi hicho hicho, mwisho wa siku jumla inakuja pale pale na paka yeyote wa levo yake. Faida yake ni dhidi ya wanaoroga. Mage (mchawi) akianza Frostbolt, spelo yake ya barafu, unaona ule mstari wake unajaa, mnyama akimuuma unarudi nyuma, unajaa tena kidogo, anaumwa tena unarudi. Spelo ya sekunde 3 inageuka kuwa safari. Priest anayejaribu kujiponya anateseka hivyo hivyo, na wewe huku unampiga mishale taratibu. Nimeliona hilo kwenye daraja la kituo cha Blacksmith pale Arathi Basin, Priest alikuwa amesimama anajaribu kumponya Warrior wao na hakumaliza hata spelo moja ile ndefu, akaishia kutumia zile za papo hapo mpaka mana (nguvu ya kurogea) ikaisha.

Kwa hiyo kama adui zako wakubwa ni Mage, Priest, Warlock na Shaman wanaoponya, paka ndio jibu, na Broken Tooth ndio paka bora. Familia nzima ya paka, hata chui wako, wana nyongeza ya asilimia 10 ya damage, wanajua Bite na Claw zote mbili, wana Dash (mbio za ghafla), wana Prowl (kunyata kwa kujificha). Na wewe uko 44 tayari, ukimpata yeye wa 37 una levo 7 tu za kumfikisha ulipo, hiyo unaifanya huku na wewe unapanda. Anayekuja kumtafuta akiwa 60 ndio ana kazi, anabaki na mnyama wa 37 mpaka aue vitu vingi amfikishe juu.

Alfajiri saa zetu watu wanapungua seva za Ulaya, jaribu wakati huo. Ukimkosa kabisa baki na chui wako, hujapoteza mambo mengi.

DadaMalimbe:

Mzee wa Bwiru shikamoo, yote uliyosema kuhusu paka ni kweli, ila naona umepita juu juu jambo ambalo mwenye mada amelisema mwenyewe, pingi.

Kaka wa Nyegezi, mimi nacheza nikiwa hosteli huku Malimbe, hali yangu na yako ni moja. Kitu cha kwanza unachotakiwa kujua ni kwamba mnyama akishapokea amri anaendeshwa na seva, haendeshwi na laptopu yako. Akishafika kwa adui anauma kwa wakati wake, Bite na Claw ukiziweka zijirushe zenyewe zinajirusha hata kama simu yako imepoteza mtandao kwa sekunde mbili. Kinachochelewa ni amri zako wewe: kumtuma, kumbadilishia adui, na kumrudisha. Kwa hiyo mnyama mzuri kwetu ni yule anayehitaji amri chache. Mtume kwa mtu mmoja, mwache afanye kazi.

Sasa angalia mtego. Kwenye Classic hutegi mtego ukiwa vitani, inabidi ujifanye umekufa kwa Feign Death, utoke vitani, ndio uweke Freezing Trap (mtego wa kugandisha) miguuni. Lakini mnyama wako akiwa bado anauma mtu anakurudisha vitani na mtego unagoma. Ndio maana wazoefu wanamuweka mnyama kwenye passive (aache kushambulia) kwanza, halafu Feign, halafu mtego. Kwa mwenye pingi ya 30 hayo ni mambo ya sekunde moja. Kwa sisi, umebonyeza passive, mnyama bado anauma, umeshalala chini, umeinuka, mtego haupo na Rogue (yule muuaji wa kujificha) yuko mgongoni. Hiyo ndio inayotuua watu wa huku, wala sio mnyama kuwa na spidi ya 2.0 au 1.0. Zoea kumrudisha mnyama mapema kuliko unavyodhani inatakiwa, akishageuka anakuja kwako ndio ubonyeze Feign.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi namtetea nguruwe. Anajua Charge, anamrukia adui akiwa mbali na anamgandisha miguu kwa sekunde 1, halafu ana Dash. Hiyo sekunde 1 kwa Hunter ni kubwa kwa sababu tatizo letu ni lile eneo ambalo adui yuko karibu mno kwa mshale na bado hajafika kwenye shoka. Ukiwa unakimbia na Warrior anakufuata, nguruwe akimgandisha wewe unapata nafasi ya kufika umbali wa mshale. Anayebeba bendera pale Warsong Gulch ndio kabisa, kila hatua anayopoteza wenzako wanamkaribia. Ni kweli damage yake inapungua asilimia 10, lakini maisha na ngozi yake ni nzuri kuliko paka, anakaa hai.

Halafu nguruwe anakula kila kitu, mkate, jibini, uyoga, matunda, samaki, nyama. Paka nyama na samaki tu.

Mwindaji_Nyegezi:

Asante sana dada, asante mzee. Hiyo ya mnyama kuendeshwa na seva sikuwa naijua na imenifungua macho maana nilikuwa nahisi kila kitu kinachelewa.

Sasa maswali mawili. Talanta zangu nyingi ziko Marksmanship (upande wa mishale), je inabadilisha chochote? Na nge vipi, kuna jamaa seva yetu anaye na anasema sumu yake inasaidia sana kwa Rogue.

SangaraWaKirumba:

Naingilia hapo kwenye nge kwa sababu nimekaa naye muda mrefu.

Sumu ya nge inajazana mpaka mara 5 kwa adui, na inafanya mambo mawili mazuri. La kwanza, Rogue au Druid anayetaka kujificha anashindwa kukaa kwenye kivuli maana sumu inaendelea kumuuma na inamtoa. La pili, sting zako wewe Hunter (mishale yako ya sumu) pia zinahesabiwa kama sumu, kwa hiyo Paladin au Druid anayeondoa sumu anaweza kuondoa ya nge badala ya ile Viper Sting yako inayomaliza mana yake. Hapo nge ni mtamu.

Lakini huyo huyo nge anagombana na mtego wako. Freezing Trap inavunjika adui akipata damage yoyote, na sumu haisikii amri ya passive, mnyama ameshaondoka sumu bado iko mwilini, adui anaganda nusu sekunde anatoka. Ukichukua nge ujue umekubali kutumia Frost Trap ya kupunguza mwendo badala yake. Na nge hana Dash, anatembea tu, adui akiwa amepanda farasi au amekunywa dawa ya mwendo nge anabaki njiani. Kwenda Warsong Gulch na nge ukitegemea amkamate mbeba bendera ni kama kutega sangara kwa wavu wa dagaa.

Kuhusu nyoka mwenye mabawa, huyo anatema Lightning Breath kutoka mbali, na kwa vile ni umeme haijali deraya. Warrior na Paladin waliojaa vyuma wanaumia kuliko wakiumwa na paka. Inakula focus (nguvu ya mnyama) 50 kwa mara moja, nusu ya tenki lake, kwa hiyo anatema mara mbili haraka halafu anasubiri. Ana Dive ambayo ni sawa na Dash. Mimi kwenye Arathi Basin nikiwa nalinda kituo cha Lumber Mill namchukua huyo, anaanza kutema hata kabla hajamfikia adui. Kwa mtu mwenye mtandao wa kusuasua hiyo ni raha.

Mzee_wa_Bwiru:

Marahaba DadaMalimbe. Hiyo hoja ya mtego naikubali yote, ila nguruwe siwezi kumkubali kwa kila hali. Charge ikishatumika, unabaki na mnyama mwenye damage ndogo. Paka akishafika kwa adui anauma kwa nguvu zaidi.

Dogo kuhusu Marksmanship: ndio inabadilisha. Ukiwa Beast Mastery (upande wa mnyama) una Bestial Wrath, sekunde 18 mnyama anaongezewa damage nusu yake na hazuiliki na chochote, hapo ndio unachagua mnyama wa kuua. Ukiwa Marksmanship anayeua ni mshale, mnyama kazi yake ni kusumbua. Na kumbuka bila Bestial Wrath mnyama anazuilika vizuri tu, Warlock anamtia hofu, Mage anamgeuza kondoo, na Druid anamlaza kwa Hibernate kwa sababu wote hawa ni wanyama kweli. Kwa hiyo usimjenge mnyama wako kwa damage peke yake. Pointi za mafunzo zitie kwenye Great Stamina na Dash mpaka mwisho kabla ya hizo za kinga ya moto sijui barafu. Dash ya tatu, ile ya asilimia 80, inafunguka mnyama akifika 50.

DadaMalimbe:

Hapo kwa Marksmanship mzee umenisaidia kumshawishi, kama kazi ni kusumbua basi nguruwe kwa Warsong Gulch na paka kwa Arathi Basin, wote tayari anao, nafasi ya tatu aweke huyo nyoka wa Sangara. Broken Tooth akimkuta njiani amchukue, asimkeshee.

Ila kaka, huyo chui wako anayenyata nyuma, nadhani Prowl iko kwenye kujirusha yenyewe. Prowl inampunguza mwendo, ndio maana unafika wewe kabla yake. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake mpaka ule mng'ao wa pembeni uzimike, uiwashe mwenyewe ukiwa umesimama unavizia, maana pigo la kwanza akitokea mafichoni lina nyongeza. Growl (ngurumo ya kuvuta adui) nayo zima kabisa, haimfanyi chochote adui ambaye ni mchezaji na inakula focus ambayo Claw inaihitaji.

Na kabla hujabonyeza kujiunga na vita angalia uso wake pale pembeni. Ukiwa wa kijani anatoa asilimia 125 ya damage, wa njano 100, mwekundu 75. Hiyo tofauti ya kijani na mwekundu ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya paka na nguruwe tunayobishania hapa, na watu wanaingia vitani na mnyama ana njaa kila siku. Hulishi ukiwa unapigana, kwa hiyo mlishe wakati mnasubiri geti lifunguliwe, na chakula kiwe cha levo yake, ukimpa cha levo za chini furaha inapanda kidogo kidogo au anakataa kabisa.

Mwindaji_Nyegezi:

Nimeangalia sasa hivi, kweli Prowl ilikuwa inang'aa na uso wake ni wa njano. Nimezima Prowl na Growl, nimemlisha, naingia Arathi Basin na chui. Sangara, nyoka mwenye Lightning Breath ya levo zangu nimpate wapi?

SangaraWaKirumba:

Nenda Feralas, wako upande wa porini huko na levo zake zinakufaa kabisa. Tame Beast inachukua sekunde 20 na yeye anakuwa anakutemea muda wote, kwa hiyo weka Freezing Trap mbele yako kwanza, anza kumshika akiwa mbali ili agande akija. Chui mwache bandani, usiende naye.