Naomba ushauri: kipindi cha dini shuleni, mwanangu hana mwalimu

Habari za leo ndugu zangu. Nina binti darasa la tano, shule ya msingi ya serikali huku Tanzania Bara. Sisi ni Waislamu. Kwenye ratiba kuna kipindi cha dini, lakini mwalimu anayekuja ni wa Kikristo peke yake. Watoto wetu, kama tisa hivi, huambiwa wabaki humo humo darasani wasikilize tu. Juzi binti kaniuliza kama ni dhambi kuimba na wenzake. Nilikosa jibu, na liliniuma.

Sina ugomvi na mwalimu yule, anafundisha kwa upole. Ila Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Mtoto wa miaka kumi aliyeambiwa akae, hiari yake iko wapi?

Nimeongea na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Anasema hana chumba kingine wala mtu wa kuwaangalia. Imamu wetu yuko tayari kumtoa ustadhi, lakini anasubiri barua ya shule, na shule inasubiri barua ya msikiti.

Kwa utaratibu, nani anaanza kuandika? Na wakati tunasubiri, ombi la kumtoa binti kwenye kipindi nilipeleke kwenye kamati ya shule au kwa afisa elimu kata?

Walimu mliomo humu, na wazazi Wakristo ambao watoto wenu ndio wachache shuleni kwao, naomba mniambie mlifanyaje.