Nikionwa natoa zaidi. Ni unafiki?

Swali
Wadau, wiki iliyopita karatasi ya mchango ilipita ofisini, ya mwenzetu aliyefiwa. Kiasi changu nilishakipanga. Kucheki jina lililo juu ya langu, katoa mara mbili! Na mwenye karatasi kanisimamia begani, kalamu kanipa yeye. Nikaandika sawasawa na yule wa juu, hadi mwandiko ukapinda.

Jioni hiyohiyo, ngazi tupu, nikampita mama kalemewa na mizigo huku najifanya nasoma simu. Sasa mimi ni mkarimu au mwoga tu?

Jibu la 1
Hauko peke yako. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio la chumba cha chai cha idara yao. Watu walijihudumia chai, kahawa na maziwa, pesa wanaweka kisandukuni, hakuna anayesimamia. Kwenye tangazo la bei ikabandikwa picha: wiki hii maua, wiki inayofuata macho, hivyo hivyo wiki 10. Wiki za macho, kwa kila lita ya maziwa iliyotumika, walilipa karibu mara tatu. Macho ya karatasi hayo!

Jibu la 2
Taratibu na hayo macho ya karatasi. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi ya aina hiyo, na haukuona kwamba picha zinaongeza ukarimu. Halafu kulipia chai uliyokunywa ni uaminifu, ukarimu uko wapi hapo? Mwenye kalamu begani ni habari nyingine. Anakujua kwa jina, na kesho mnaonana.

Jibu la 3
Jina ndilo lenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliwaonyesha watu ujumbe wa wenye shida mtandaoni. Wakijiona wako wengi, kila mmoja anategea. Jina la mtu likiwekwa kwa rangi nyekundu, akajishtukia, umati uleule ukamfanya ajibu zaidi.

Ila ndugu muulizaji, eti ngazi tupu. Na yule mama? Yeye hakuwa na macho?

Muulizaji
Hapo umenikamata. Aliniangalia kabisa, ndiyo maana nikainamia simu. Yenyewe ilikuwa imezima tangu mchana.